Mishale juu ya tablo ya hesabu: namna ya kuifunga isihame

Musimu wa kahawa ukiisha, koperative inafunga hesabu na kuileta mbele ya wanachama katika mukutano mukuu. Mara nyingi hesabu hiyo ni tablo moja: mistari, kolone na namba. Sekretere anaisoma kwa sauti, mutu mwingine anaitafsiri kwa Mashi, Kihavu ao Kinande, na wanachama wanafuata kwa macho kwenye fotokopi. Kuko wanaosoma vizuri, kuko wanaojua namba peke yake, kuko pia wanaoangalia tu na kusikiliza. Wote wana haki sawa juu ya pesa ile.

Tablo ina kasoro moja. Inapanga namba moja chini ya ingine kama watu kwenye foleni, lakini haisemi nani ni mutoto wa nani. Namba ya chini imetoka wapi? Hii ya katikati imeenda wapi? Mushale njo unajibu. Mutu asiyejua kusoma hata neno moja anaelewa kama mushale unatoka hapa unaenda pale. Kwa hiyo tunashauri koperative zichore mishale juu ya tablo ya ripoti. Lakini mushale uliochorwa vibaya kwenye ordinateri unaweza kuhama wenyewe, na ukihama unasema uongo juu ya pesa za watu. Makala hii inaeleza kwa nini unahama na namna ya kuuzuia.

Tuchukue mufano. Namba hizi ni za kujifunzia tu, si za koperative fulani. Tumechagua namba rahisi ili kila mutu ahesabu kwa kichwa. Juu ya tablo kuko mauzo na gharama zote. Sehemu ya chini iko hivi (pesa ni dola):

A. Ziada ya musimu: 10.000
B. Akiba kubwa (20%): 2.000
C. Akiba ya mafundisho (20%): 2.000
D. Inayobaki kwa risturne: 6.000
E. Kilo za serise zilizopokelewa: 60.000
F. Risturne kwa kilo moja: 0,10

Mistari B na C haikutoka kwa mapenzi ya kiongozi. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na ambayo inatuhusu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, inadai akiba mbili: akiba kubwa, na akiba ya kufundisha na kuelimisha wanachama. Kila moja inapata angalau 20% ya ziada hadi ifikie kiasi cha mutaji wa koperative. Risturne nayo ni pesa inayorudia wanachama kufuatana na kazi ambayo kila mutu amefanya na koperative. Kwetu wa kahawa, maana yake ni kilo alizoleta. Mama aliyeleta kilo 450 za serise anapata 450 mara 0,10, ni kusema dola 45.

Sasa mishale. Mitatu inatoka A, inaenda B, C na D: ziada imegawanyika mara tatu. Mushale wa ine unatoka D unaenda F, na pembeni yake kumeandikwa «gawanya kwa kilo za E». Ine tu. Mutu anaweka kidole kwenye 6.000, anafuata mushale, anafika kwenye 0,10. Kama ana kilo zake kwenye karine, anamaliza hesabu mwenyewe.

Tuseme sasa ripoti imekwisha, mishale imechorwa, na usiku wa kuamkia mukutano kontable anakumbuka kwamba mustari wa «Usafiri» kule juu unapaswa kugawanywa mara mbili: usafiri wa gari na usafiri wa mashua. Jumla haibadiliki hata senti moja. Anaongeza mustari, anachapa, anapeleka kwenye fotokopi. Kwa kuongeza mustari ule, tablo yote ya chini imeshuka kidogo. Mishale haikushuka. Ule uliokuwa unatoka D kwenda F sasa unatoka C kwenda E.

Soma tena karatasi hiyo kama mutu asiyekuwa pale usiku. Inasema risturne imetoka kwenye akiba ya mafundisho, 2.000, ikagawanywa kwa kilo 60.000. Hiyo ni kama senti 3 na kidogo kwa kilo. Mama wa kilo 450 anapata kwenye karatasi dola 15, na mukononi wanamupa 45. Hatalalamika kwa kupewa zaidi, lakini jirani yake atauliza: kwa hiyo pesa ya mafundisho imekuliwa? Na 6.000 iko wapi? Namba zote ni sawa. Mutunza pesa hana kosa. Lakini mbele ya watu mia mbili, mutu anayeeleza kwamba «ni ordinateri» hasikilizwi. Sisi tunaona hiyo ni haki yao: karatasi ndiyo iliyosema.

Kwa nini mushale haukufuata? Kwa sababu kwenye programu nyingi za kuandika, maandishi na michoro havikai mahali pamoja. Fikirieni karatasi iliyoandikwa, na juu yake mumetandika plastiki inayopitisha mwangaza. Tablo iko kwenye karatasi. Mushale mumeuchora kwenye plastiki. Kwa macho ni kitu kimoja. Lakini mukivuta karatasi chini kidole kimoja, plastiki inabaki pale pale. Ordinateri inakumbuka mushale kwa sentimita: sentimita fulani toka ukingo wa kushoto, sentimita fulani toka juu. Haijui kama pale chini kulikuwa na risturne.

Na si mustari mupya tu unaovuta karatasi. Kupunguza ukubwa wa maandishi, kubadilisha aina ya herufi, jina refu linalofanya kisanduku kiwe na mistari miwili, kufungua faili kwenye ordinateri ingine isiyo na herufi zile zile: yote hayo yanasogeza tablo.

Dawa ya kwanza ni kufunga mushale. Mbuzi aliyefungwa kwenye muti wa shamba utamukuta shambani. Katika Word, ukichora mushale kwa «Insertion» kisha «Formes», programu inaufunga kwenye aya fulani ya maandishi. Shida ni kwamba inachagua yenyewe aya gani, na pengine inachagua aya iliyo juu ya tablo. Bonyeza alama ya ¶ kule juu, halafu bonyeza mushale wako: utaona picha ndogo ya nanga pembeni. Nanga hiyo inaonyesha mbuzi wako amefungwa wapi. Ivute kwa panya hadi ndani ya mustari wa tablo unaohusika, na katika mipangilio ya mahali pa umbo hakikisha alama iko kwenye «Déplacer avec le texte». Kwa LibreOffice, bonyeza mushale kwa kidole cha kuume cha panya, chagua «Ancrer», kisha «Au paragraphe», na uvute nanga kwenye kisanduku.

Hata hapo musilale usingizi. Nanga ni moja, na mushale una miisho miwili. Ukiufunga kwenye mustari D na baadaye mutu akaongeza mustari kati ya D na F, mwanzo wa mushale utakuwa sawa lakini kichwa chake kitaanguka pabaya. Kwa mushale mufupi, wa mustari hadi mustari wa jirani, nanga inatosha. Kwa murefu, haitoshi.

Dawa ya pili ni nyepesi na sisi tunaipenda zaidi: mushale usiwe muchoro, uwe herufi. Weka kolone nyembamba kati ya kolone mbili za namba, na ndani ya kisanduku andika alama → unayoipata kwenye «Insertion», «Symbole». Alama hiyo ni herufi kama a ao b. Iko kwenye karatasi yenyewe, si kwenye plastiki, kwa hiyo tablo ikishuka inashuka nayo. Kwa hesabu inayokwenda toka kushoto hadi kuume inafaa sana. Mufano ni tablo ya kituo cha kuoshea: kilo 100 za serise → kama kilo 20 za parche kavu → kama kilo 16 za kahawa ya kijani. Hapo hakuna haja ya kuchora kitu chochote. Herufi haiwezi kuruka mistari mitatu ao kupinda kona, ni kweli. Lakini mara nyingi, kama mushale unahitaji kupinda kona, ni tablo iliyopangwa vibaya. Sogeza E juu ya D, na D itakuwa jirani wa F.

Lakini muangalie mutego mumoja. Katika Word, ukiandika vistari viwili na alama ya «kubwa kuliko», yaani -->, programu inageuza kuwa mushale muzuri. Watu wanafurahi. Ule si mushale wa kweli. Ni herufi «à» iliyovalishwa nguo ya aina ya herufi inayoitwa Wingdings. Ukinakili tablo ile na kuituma kwa WhatsApp, ao kuifungua mahali pasipo na Wingdings, nguo inaanguka na inabaki «à». Kwa lugha ingine ingekuwa uchafu tu ambao kila mutu anauona. Kwa Kifaransa ni neno. Tablo iliyosema kilo 450 → 90, ni kusema serise 450 zimetoa parche 90, sasa inasoma «450 à 90», kama bei inayocheza kati ya namba mbili. Hakuna atakayejua kuna kitu kimepotea. Kwa hiyo mushale uuchukue kwenye «Symbole», na juu ya kidirisha chagua herufi ya kawaida ile ile unayoandikia.

Vijana wa koperative waliosoma informatique wanajua programu ya bure inayoitwa LaTeX, ambayo vyuo vikuu vinatumia kupanga vitabu. Huko muandiko na muchoro vinaagizwa kwa maneno, na tatizo letu lina jibu safi: kila kisanduku kinapewa jina, na mushale unaagizwa toka jina hadi jina, si toka sentimita hadi sentimita. Kwa kifurushi cha nicematrix, majina yanajitokeza yenyewe: kisanduku cha mustari wa 4, kolone ya 2, kinaitwa 4-2. Mwisho wa tablo, baada ya neno \CodeAfter, mutu anaandika \tikz \draw [->] (4-2) -- (6-2); Na mushale unaenda pale. Herufi zikiwa kubwa ao ndogo, kisanduku kikiwa na mustari mumoja ao mitatu, mushale unakifuata. Mukiongeza mustari juu, majina yanasogea kwa namba moja, kwa hiyo agizo linapaswa kusahihishwa. Ila kosa hapo linaonekana kwenye maandishi, mutu anaweza kulisoma na kulikamata. Jambo moja linashangaza wanaoanza: mara ya kwanza mushale unakaa pabaya ao hauonekani kabisa. Programu haijui visanduku viko wapi kabla ya kupanga ukurasa. Mara ya kwanza inapanga na kuandika kwenye faili ya pembeni kila kisanduku kimeangukia wapi, mara ya pili inasoma faili ile na kuchora. Kwa hiyo endesheni mara mbili, pengine tatu, kabla ya kusema imeharibika.

Hatusemi kila koperative ihamie LaTeX kwa ajili ya mishale ine. Wazo lake njo tunataka mulichukue: mushale ujue jina la namba yake.

Na wazo hilo liko pia kwenye Excel, karibu zaidi na wengi wenu. Kwanza, mushale uliochorwa kwenye Excel unaweza kufungwa vizuri: katika sifa zake chagua «Déplacer et dimensionner avec les cellules». Ukiongeza mustari juu yake, unashuka. Ukiongeza mustari katikati yake, unarefuka. Kwa ripoti yenye mishale mirefu ni heri kutengeneza tablo huko.

Pili, na hili linahusu hasa kamati ya uangalizi, Excel inajua kuchora mishale yenyewe. Simama kwenye kisanduku cha 0,10, nenda «Formules», bonyeza «Repérer les antécédents». Inatokea mishale ya bluu inayotoka kwenye kila kisanduku ambacho kimetumika kupata namba ile. Kama kontable amepanga hesabu sawa, mutaona mushale mumoja toka 6.000 na mwingine toka 60.000. Bonyeza tena, mishale inarudi nyuma hatua moja: 6.000 imetoka 10.000, 2.000 na 2.000. Bonyeza «Supprimer les flèches» na yote inafutika. LibreOffice Calc ina kitu hicho hicho chini ya «Outils».

Mishale hii ni tofauti na ile ingine yote tuliyosema. Mushale uliochorwa na mutu unaonyesha kile mutu anataka kusema. Huu wa bluu unaonyesha hesabu ilivyofanyika. Kama risturne iliandikwa kwa mukono badala ya kuhesabiwa, hakuna mushale utakaotokea. Programu itasema tu kwamba hakuna kitu cha kuonyesha. Hiyo si alama ya wizi, musikimbilie huko. Watu wengi wanahesabu kwa kalkulatrice na kuandika jibu. Lakini ni swali ambalo mwanachama wa kamati anaweza kuuliza kwa heshima: «Baba kontable, namba hii imetoka wapi, mbona haina mizizi?» Haihitaji kusoma kontabilite miaka mitatu. Inahitaji kukaa pembeni ya ordinateri dakika kumi, kabla ripoti haijachapwa.

Kuhusu fotokopi, ni maneno machache. Mushale mwekundu na wa kijani kwenye ekrani, vyote ni kijivu kwenye karatasi. Tofautisha kwa mustari munene na mustari wa vinukta. Mushale usipite juu ya namba. Fotokopi ya fotokopi itageuza 6 iliyokatwa na mustari kuwa 8, na hapo muko na vita ingine. Pitisha mushale kwenye nafasi nyeupe ya pembeni, na kichwa chake kiishie kwenye ukingo wa kisanduku, kabla ya kugusa namba. Mukipeleka faili kwenye nyumba ya fotokopi, peleka PDF. PDF ni kama picha: tablo na mishale vimegandishwa pamoja, na ordinateri ya pale haitapanga kitu upya.

Kama hakuna umeme, ao ordinateri iko na ubishi, kuko biki. Chapa tablo bila mishale, acha nafasi kuume, chora mishale kwa mukono kwenye karatasi ya kwanza kwa rula, kisha toa fotokopi. Hakuna kinachohama. Tumeona mishale ya biki iliyo wazi kuliko ile ya mashine, na hakuna mwanachama aliyewahi kukataa risturne yake kwa sababu mushale ulichorwa na mukono.

Kwa vyovyote mutakavyochora, kabla ya kutoa fotokopi za wote, toeni moja tu. Muite wanachama wawili ambao hawakushiriki kuandika ripoti, mumoja awe yule asiyezoea karatasi. Muwape namba ya kilo zao na muombe waonyeshe kwa kidole, bila kusaidiwa, pesa yao imetoka wapi. Kidole kikipita njia tofauti na mulivyotaka, sahihisheni mushale usiku huo huo.